Fizikia Inapoulizwa Habari za Mungu

Tarehe 22 Novemba 1951, Papa Pius XII aliwahutubia wanasayansi wa Chuo cha Kipapa cha Sayansi. Ilikuwa hotuba yenye furaha. Alisema wataalamu wa nyota wamegundua kuwa ulimwengu unatanuka, kwamba ukirudisha hesabu nyuma unaufikia mwanzo, na kwamba hapo sayansi yenyewe inalishuhudia lile neno la kwanza la Mungu, "Iwe nuru."

Miongoni mwa ambao hotuba hiyo haikuwafurahisha alikuwamo padri. Georges Lemaître, Mbelgiji, alipata upadri mwaka 1923, na mwaka 1927 akachapisha makala iliyoonyesha kwamba kutanuka kwa ulimwengu kunatoka ndani ya milinganyo ya Einstein. Mwaka 1931 akasogea mbele zaidi, akasema vitu vyote vilianzia katika hali moja iliyobanana kupita kiasi, akaiita atomu ya kwanza. Kwa hiyo Papa alikuwa akiisifu kazi yake, na bado Lemaître alifanya jitihada ujumbe uwafikie washauri wa Papa kwamba njia ile ni ya hatari. Septemba 1952, Pius XII alipozungumza na wanafalaki wa mataifa mbalimbali waliokutana Roma, hoja ile hakuirudia. Msimamo wa Lemaître ulikuwa wazi: nadharia yake iko nje kabisa ya maswali ya dini na metafizikia, yaani falsafa ya asili ya kuwepo. Anayeamini anaweza kuipokea, asiyeamini naye vilevile, na hakuna kati yao anayelazimika kuhama alipo.

Kisa hiki nakirudia mara kwa mara kila ninapokutana na mtu anayesema fizikia imemthibitisha Mungu, au mwingine anayesema imemfukuza. Naamini padri yule aliona jambo ambalo wote wawili hulikosa. Fizikia ya kisasa haijibu kwa nini tupo. Inachofanya ni kubadilisha namna ya kuuliza, tena inabadilisha kwa kina. Yapo majibu tuliyoyazoea, ya waumini na ya wasioamini, ambayo hayawezi tena kusimama, na yapo maswali yaliyoonekana ya kitoto ambayo leo yamekuwa mazito kuliko zamani.

Tuanze na mwanzo wenyewe. Jina la Mlipuko Mkuu (Big Bang), ambalo nadharia hii ya mwanzo inajulikana kwalo, limewapotosha wengi. Mtu akilisikia anawaza bomu katikati ya giza tupu, vipande vikiruka kwenda nje. Lakini hapakuwa na nje, wala katikati. Kinachotanuka ni nafasi yenyewe. Chora vitone juu ya puto, kisha lipulize: kila kitone kitaona wenzake wote wanakikimbia, na hakuna hata kimoja chenye haki ya kusema mimi ndiye kitovu. Rudisha picha hiyo nyuma, na takriban miaka bilioni 13.8 iliyopita kila kitu tunachoweza kukiona kilikuwa kimesongamana katika joto lisilosemeka.

Hili si jambo la kubuni. Mwaka 1964, Arno Penzias na Robert Wilson walikuwa Holmdel, New Jersey, wakifanya kazi na antena kubwa yenye umbo la pembe. Antena ilikuwa na mvumo usiokwisha. Wakaielekeza kila upande wa anga, mchana na usiku, mvumo ni ule ule. Wakakuta njiwa wameweka kiota ndani yake. Wakawatoa, wakakwangua kinyesi chao, wakaziba maungio ya bati kwa mkanda wa alumini. Mvumo haukukoma. Walichokuwa wakikisikia ni nuru kongwe kuliko zote, iliyoachiliwa ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka kama 380,000, ikanyooshwa na kutanuka kwa nafasi mpaka ikawa mawimbi ya mikrowevu yenye halijoto ya kelvini 2.7 tu. Zile chenga zilizokuwa zikicheza kwenye televisheni za zamani pasipokuwa na stesheni, sehemu yake ndogo ilikuwa nuru hiyo. Watu wameitazama kwa miongo, wakainuka kwenda kuzima televisheni.

Sasa tuusikilize ushahidi huu unasema nini hasa. Unasema ulimwengu ulikuwa na joto kali na msongamano mkubwa, kisha ukapoa. Hausemi kwamba kabla ya hapo hapakuwa na kitu. Ukiisukuma nadharia ya uhusianifu ya Einstein, inayoeleza nafasi, wakati na mvutano, hadi sekunde ya sifuri, milinganyo inatoa msongamano usio na kikomo, na hesabu ikitoa jibu la namna hiyo inatuambia kwamba tumeivusha mpaka wake. Kwa ule muda wa awali kabisa, sekunde moja ikigawanywa kwa 1 yenye sifuri 43 nyuma yake, tunahitaji nadharia inayounganisha mvutano na kwanta, yaani fizikia ya chembe ndogo kabisa, na hiyo haijakamilika. Mwanzo wa wanafizikia, basi, ni pale ramani inapoishia. Ng'ambo yake huenda kuna ukuta, huenda kuna nchi nyingine.

Ndiyo maana huwa nashikwa na wasiwasi ninapoona aya za vitabu vitakatifu zikifungwa kwenye nadharia hii, iwe ni ile nuru ya Kitabu cha Mwanzo au aya ya 30 ya Sura ya Manabii, inayosema mbingu na ardhi zilikuwa zimeambatana kisha zikabanduliwa. Muumini ana haki ya kusoma na kustaajabu. Lakini akiitangaza nadharia kuwa ndiyo maana ya aya, amelitundika neno analoliheshimu kuliko yote kwenye msumari ambao watu wa maabara wanaweza kuung'oa kesho. Wanafizikia wapo wanaochunguza kwa dhati iwapo kulikuwa na ulimwengu mwingine uliosinyaa kabla ya huu kutanuka. Wakipata ushahidi, aya itakuwa imekosea nini?

Upande wa pili ulifanya kosa hilo hilo. Fred Hoyle, mwanafizikia Mwingereza, hakupenda habari ya mwanzo, kwa sehemu kwa sababu ilimnukia dini. Mwaka 1948 yeye na wenzake walipendekeza ulimwengu usio na mwanzo, ambamo maada mpya hujitokeza kidogo kidogo nafasi inapotanuka. Jina la Mlipuko Mkuu lenyewe alilitoa yeye, katika kipindi cha redio cha BBC mwaka 1949, akielezea nadharia aliyoipinga. Mvumo wa Holmdel uliivunja nguvu nadharia yake. Lakini je, kutomwamini Mungu kulivunjika pamoja nayo? Hata kidogo.

Hapa inafaa kuwarudia wazee wa fikra, maana waliyapambanua mambo haya kabla ya darubini. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alijenga hoja ambayo hadi leo inatumiwa na Waislamu na Wakristo pia: kila kilichoanza kina kisababishi, ulimwengu ulianza, basi ulimwengu una kisababishi. Ibn Rushd alimjibu kwa kitabu kizima. Karne ya 13 Thomas Aquinas alichukua njia nyingine. Alisema akili peke yake haiwezi kuthibitisha kwamba ulimwengu ulianza. Yeye aliamini hivyo kwa sababu ya ufunuo. Kuumba, kwa Aquinas, ni kitu kutegemezwa kiwepo, kila wakati, hata kama kingekuwepo tangu milele. Mfano ulikuwepo tangu kwa Augustino: mguu ungekuwa umekanyaga vumbi tangu milele, wayo nao ungekuwepo tangu milele, na bado ungekuwa wayo wa mguu ule.

Tofauti hii ndiyo ninayoiona kuwa ufunguo. Hoja ya al-Ghazali ina mguu mmoja ndani ya fizikia, kwa hiyo fizikia inaweza kuutikisa. Hoja ya Aquinas haina mguu humo. Unaweza kuikataa kwa sababu za kifalsafa, na wengi wameikataa, ila hakuna darubini itakayoigusa.

Wapo wanaodhani kwanta imelimaliza swali. Mwaka 1982 mwanafizikia Alexander Vilenkin alionyesha kwa hesabu namna ulimwengu unavyoweza kuchomoza bila maada, bila nafasi, bila wakati uliotangulia. Wengine husema kwa urahisi zaidi kwamba chembe hujitokeza zenyewe katika ombwe, yaani nafasi iliyoondolewa kila kitu, basi na ulimwengu ulijitokeza hivyo. Hesabu za Vilenkin ni kazi ya heshima. Usemi huo wa pili, kwa maoni yangu, unachanganya maneno mawili yanayofanana kwa nje. Ombwe la kwanta ni kitu. Lina nishati, lina sheria, linaweza hata kusukuma bamba za chuma: Hendrik Casimir alitabiri mwaka 1948 kwamba bamba mbili zikikaribiana mno ndani ya ombwe zitavutana, na mwaka 1997 mvuto huo ukapimwa kwa usahihi. Utupu unaovuta chuma si utupu wa mwanafalsafa. Hata kwa Vilenkin, ambaye ameondoa karibu kila kitu, zinabaki sheria za kwanta, nazo lazima ziwe zinatawala ili ulimwengu uchomoze. Mwanafalsafa Leibniz aliuliza mwaka 1714 kwa nini kuna kitu badala ya kutokuwa na kitu. Fizikia imeurudisha mpaka wa swali hilo nyuma sana, imeuondoa kwenye milima na nyota, kisha kwenye atomu, na sasa umefika kwenye sheria zenyewe. Hapo umekwama, na sioni mlinganyo utakaoeleza kwa nini kuna milinganyo.

Kuna sehemu moja, hata hivyo, ambapo fizikia imelipa swali la zamani nguvu mpya, na ajabu ni kwamba Hoyle yumo tena. Kaboni, ambayo miili yetu imejengwa juu yake, hupikwa ndani ya nyota kwa heliamu tatu kuungana. Heliamu mbili zikigongana huzaa beriliamu isiyodumu hata sehemu ya bilioni ya sekunde. Ya tatu lazima iwahi kabla haijavunjika. Hoyle alipiga hesabu akaona kwamba kwa mwendo huo kaboni ingekuwa haba mno, na sisi tusingekuwepo. Mwaka 1953 akasema: basi lazima kiini cha kaboni kina kiwango maalumu cha nishati, karibu na milioni 7.7 za elektroni-volti, kinachorahisisha muungano huo. Wanafizikia wa Caltech, chuo cha Marekani, hawakuwa na imani sana, lakini wakapima. Kiwango kilikuwepo, mahali pale pale. Miaka mingi baadaye Hoyle, yule yule asiyeupenda mwanzo, aliandika kwamba mtu akizitazama takwimu hizi kwa akili ya kawaida ataona kana kwamba kuna akili kuu iliyoichezea fizikia.

Na si kaboni tu. Mwaka 1998 makundi mawili ya wanafalaki yaligundua kwamba kutanuka kwa ulimwengu kunaongeza kasi, kunasukumwa na kitu tulichokiita nishati ya giza. Makadirio mepesi ya kwanta kuhusu nishati ya ombwe yanazidi kiasi kilichopimwa kwa mara 1 yenye sifuri kama 120. Steven Weinberg alikwisha kuonyesha mwaka 1987 kwamba kiasi hicho kingekuwa kikubwa zaidi kidogo tu ya mipaka fulani, galaksi zisingeumbika kamwe: maada ingetawanywa kabla ya kukusanyika.

Mtu afanye nini na habari hii? Wengi husema ni fundi aliyekaza skrubu. Wengine husema pengine kuna malimwengu yasiyohesabika, kila moja na namba zake, na sisi lazima tujikute katika lile linaloweza kuwa na watu. Mwanafalsafa John Leslie alitoa mfano mzuri: umesimamishwa mbele ya wapiga risasi hodari, wote wanafyatua, wote wanakukosa. Huwezi kusema tu kwamba wasingenikosa nisingekuwa hapa kushangaa. Ni kweli, lakini bado kuna la kuelezwa.

Mimi hoja hii naichukulia kwa uzito kuliko nyingine zote zinazotoka kwenye fizikia, na bado inanikwama mahali pamoja. Tunaposema uwezekano ni mdogo, mdogo kati ya mangapi? Dadu lina pande sita, ndiyo maana tunajua nafasi ya kupata sita. Hakuna aliyewahi kuona dadu la malimwengu. Hatujui kama namba hizo zingeweza kuwa tofauti. Huenda nadharia ya ndani zaidi itaonyesha kwamba zililazimika kuwa hivi. Wanaotegemea malimwengu mengi nao wasijione wamekaa salama, maana wameegemeza hoja yao juu ya vitu ambavyo mpaka sasa hatuna njia ya kuvipima. Mshangao ni halali, lakini yeyote anayekuambia asilimia hana pa kuitoa.

Kwanta inaletewa mzigo mwingine, wa akili na hiari. Huenezwa kwamba fizikia imethibitisha kuwa fahamu ya binadamu ndiyo inayoumba uhalisia, kwa kuwa chembe hubadilika zinapotazamwa. Neno kutazama hapa limeleta maafa. Mwaka 2004, Vienna, watafiti walirusha molekuli zenye atomu 70 za kaboni kupitia safu za nyufa nyembamba, zikatoa mistari ya mwingiliano wa mawimbi kama ilivyotarajiwa. Walipozichoma kwa leza mpaka zikawa moto wa kutoa mwanga, mistari ilififia, maana huo mwanga uliobeba habari za mahali molekuli ilipo ulikuwa umeshatoka. Hapakuhitajika jicho la mtu. Ukuta unatosha, hewa inatosha.

Kuhusu hiari, mwanahisabati Mfaransa Laplace aliandika mwaka 1814 kwamba akili inayojua mahali na mwendo wa kila chembe ingeijua kesho yote. Kwanta imeivunja ndoto hiyo: atomu mbili za urani zilizo sawa kwa kila hali, moja inapasuka leo, nyingine baada ya miaka bilioni, wala hakuna saa iliyofichwa ndani yake ya aina tuliyoizoea, kama majaribio ya John Clauser, Alain Aspect na Anton Zeilinger, waliopewa Nobel mwaka 2022, yalivyoonyesha. Lakini asiyeridhika na kadari asishangilie haraka. Mkono wangu ukiinuka kwa sababu elektroni imeruka bila sababu, hapo mimi nimeamua nini? Ubishi wa Jabriya na Kadariya katika Uislamu, wa Augustino na Pelagius katika Ukristo, ulikuwa kuhusu nani mwenye kitendo, na bahati nasibu haimpi mtu umiliki.

Jambo linalonigusa zaidi ya yote ni wakati. Mtu mmoja ameketi kwenye benchi, mwingine anapita mbele yake kwa mwendo wa kawaida wa miguu. Kwa nadharia ya uhusianifu ya mwaka 1905, kila mmoja akipiga hesabu ya kinachotokea "sasa hivi" kwenye galaksi ya Andromeda, umbali wa miaka-nuru kama milioni 2.5, majibu yao yatapishana kwa siku kadhaa. Wote wawili wako sahihi. Hakuna "sasa" moja iliyotandazwa juu ya ulimwengu mzima. Na mambo haya si ya karatasini: saa zilizo kwenye setilaiti za GPS hutangulia zile za ardhini kwa mikrosekunde kama 38 kila siku, zisiporekebishwa ramani ya simu itakupoteza.

Kama hakuna sasa moja, ni vigumu kusema yaliyopita yametoweka na yajayo hayajawepo. Wengi wameona kwamba ulimwengu umeshatandazwa wote, jana na kesho zikiwa mahali pake kama kurasa za kitabu. Machi 1955 Michele Besso, rafiki wa Einstein tangu ujana, alifariki. Einstein aliiandikia familia kwamba kwa wanaoiamini fizikia, tofauti kati ya wakati uliopita, uliopo na ujao ni njozi tu, ingawa njozi ng'ang'anizi. Yeye mwenyewe alifariki tarehe 18 Aprili, haujatimia mwezi tangu aandike barua hiyo. Karne kumi na nne kabla yake, mwanafalsafa Boethius, akiwa kifungoni akisubiri kuuawa, aliandika kwamba Mungu haoni kesho kabla haijafika. Anaziona nyakati zote kwa mtazamo mmoja, na kuona hakumlazimishi anayeonwa. Siwezi kusema Einstein alimthibitisha Boethius. Naweza kusema kwamba fikra iliyodharauliwa kuwa ya wanateolojia tu sasa ina picha ya hesabu inayofanana nayo, na mfiwa anayeuliza "yuko wapi" anauliza swali ambalo fizikia haina ruhusa ya kulicheka.

Desemba 1979, Stockholm, Abdus Salam wa Pakistani na Steven Weinberg wa Marekani, pamoja na Sheldon Glashow, walipokea Nobel. Salam na Weinberg walikuwa wameifikia nadharia ile ile kila mmoja kivyake, ya kwamba nguvu ya sumaku-umeme na nguvu dhaifu ya kiini cha atomu ni kitu kimoja. Katika karamu ya usiku ule Salam alisoma aya za Sura ya Ufalme: huoni tofauti yoyote katika uumbaji wa Mwingi wa Rehema, rudisha jicho, je, unaona ufa? Weinberg, asiyeamini Mungu, alikwisha kuandika miaka miwili kabla kwamba kadiri ulimwengu unavyozidi kueleweka ndivyo unavyozidi kuonekana hauna lengo. Mwaka 1983, katika maabara ya CERN huko Ulaya, chembe za W na Z, zinazobeba nguvu hiyo dhaifu, zilionekana kwa mara ya kwanza, na uzito wake ulikuwa ule ambao nadharia yao iliutabiri.